Sauti ya Bibi Enzi

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la vitabu la katikati ya mji lilifurika mpaka mlango ukakataa kufungika. Wazazi walikumbatia madaftari kwa mabunda, watoto walililia penseli za rangi, na feni ya darini ilizunguka kwa uvivu kana kwamba nayo imesusa. Katikati ya rabsha hiyo, kijana mmoja mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi, ndevu zimechongwa kwa uangalifu, alikuwa amesimama mbele ya rafu ya watoto akifanya uhalifu mdogo: alikuwa anavisukuma nyuma vitabu vya watu wengine na kuviweka vyake mbele.

Vilikuwa vyake, ingawa jina lake halikuwamo. Kwenye kila jalada alichorwa kikongwe mwenye miwani ya duara na kilemba, na chini yake pameandikwa "Bibi Enzi". Kulikuwa na Kabla ya Sabuni, Kabla ya Kiatu, Kabla ya Saa, na kile kilichotoka juzi tu, Kabla ya Kitanda. Hakuna nyumba yenye mtoto ambayo haikuwa na kimoja.

"Samahani kaka, wewe si unafanya kazi hapa?"

Akageuka. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, nywele zimesukwa na kufungwa juu kwa utepe, miguuni viatu bapa vya mtu anayeshinda amesimama. Jasho lilimtiririka kwenye kipaji cha uso, lakini macho yalikuwa yanacheka. Kijana alitaka kusema hapana. Akaona akisema hapana, mwanamke huyo ataondoka.

"Ndiyo, dada. Nikusaidie nini?"

"Nataka Kabla ya Kitanda. Vyote mlivyo navyo."

"Vyote? Una watoto wangapi?"

"Wodi nzima! Mimi ni nesi. Wanangu wote wamevunjika miguu, wamelala wiki na wiki wanahesabu mabati, na mimi ndiye redio yao."

"Na huyo Bibi Enzi wanampenda?"

"Wee! Kuna mmoja alikataa kuoga mpaka nimsomee Kabla ya Sabuni. Nikamsomea mpaka mwisho. Akaniambia, kumbe watu waliishi bila sabuni na bado tukazaliwa? Akakataa tena."

Kijana alicheka mpaka kitabu kikamponyoka. Akavikusanya vitabu, akapasua njia katikati ya umati, akavibeba hadi kwa mhasibu kama mfanyakazi hodari kuliko wote. Mhasibu, mama mnene asiyependa upuuzi, akamtazama juu mpaka chini.

"Dada, huyu amekwambia ni wa kwetu? Huyu hashindi hapa ila Jumamosi. Anapekua rafu, anahamisha vitu, hanunui hata kifutio."

Nesi alimgeukia polepole. "Kumbe wewe tapeli?"

"Sikuweza kukuacha bila msaada, dada yangu."

"Haya, tapeli. Ulishaanza kazi, imalize. Nibebee mpaka kituoni." Akatangulia, utepe ukicheza kisogoni. Hatua chache mbele akageuka. "Unakuja au umeshafunga duka, Mwenye Duka?"

Jina likamganda. Kuanzia siku hiyo hakuitwa vingine.

Simu zikaanza, kwanza za mchana, kisha za mchana na jioni.

"Haloo, Mwenye Duka. Umefungua?"

"Tangu asubuhi. Nasubiri mteja mmoja tu, mwenye gauni la kijani."

"Leo nipo kwenye sare nyeupe, na Spika amenimwagia maziwa begani."

Spika alikuwa msichana wa miaka tisa aliyeanguka kutoka juu ya ukuta wa jirani. Mguu wake ulining'inizwa kwa kamba, lakini mdomo wake haukufungwa na mtu, na wodi nzima ilimwachia uongozi.

"Maziwa hayo nayaonea wivu."

"Toka hapa! Maneno hayo umeyasoma wapi?"

"Dukani kwangu."

Walikutana kwenye bustani iliyo nyuma ya hospitali, mbele ya chemchemi ya saruji iliyokauka. Nesi huja na viatu mkononi, miguu ikipumua, na kumsimulia vituko vya zamu. Mwenye Duka husikiliza hadi anasahau kumeza. Alimpenda alivyoiga sauti ya Sista Mkuu. Alimpenda alivyofuta mikono kwenye gauni kabla ya kumshika mkono. Siku moja, bila kutafuta neno, alimwita "mpenzi", na Nesi akasema, "Rudia, sikusikia vizuri," ilhali alikuwa amesikia vizuri sana.

Ila kila akimwuliza kazi yake, jibu lilikuwa fupi.

"Nipo kwenye kampuni ya vitabu ya shangazi. Nahangaika na makaratasi."

"Makaratasi gani?"

"Yale yale. Hebu nieleze, Spika leo kasema nini?"

Nesi alimwangalia kwa pembe ya jicho, akaacha.

Si kwamba alitaka kumdanganya. Bibi Enzi alikuwa mtu kweli. Alikuwa mama mzazi wa baba yake, mwalimu mstaafu aliyeanza kuandika kwenye meza ya chakula, mjukuu akiwa upande wa pili anamchongea penseli. Macho ya bibi yalipofifia, yeye alisema na mjukuu akaandika. Alipochoka, mjukuu alitafuta habari, akaandika, akamsomea, na bibi akawa anakatiza: "Hapo umeboa. Mtoto ameshalala." Kisha bibi akafariki, kimya kimya, na Shangazi, mwenye kampuni, akashindwa kutangaza. "Watoto hawajui bado," alisema akiwa amejifunika khanga usoni. "Waache kwanza." Hiyo "kwanza" ikageuka miaka.

Na kulikuwa na simu. Nyuma ya kila kitabu pamechapishwa namba, na kila Alhamisi alasiri bibi alikuwa akipokea maswali ya watoto. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, ile simu ndogo ya vibonye ikalia mezani. Mjukuu akaipokea ili aseme ukweli. Kitoto kikauliza, "Bibi, watu wa kale walipiga mswaki na nini?" Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya marehemu: kavu, yenye mikwaruzo, na kile kicheko cha puani. Ilimtoka tu. Alipokata simu alilia kama mtoto, na Alhamisi iliyofuata akapokea tena.

Basi ikafika Alhamisi moja, simu ya vibonye ikalia, na upande wa pili ikasema sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi Enzi."

Roho ilimruka. Mwanamke wake anamwamkia shikamoo! Ulimi ulitaka kusema, "Mpenzi, ni mimi." Mazoea yakauwahi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni nesi wa wodi ya watoto. Bibi, samahani kukusumbua. Wanangu wanakulilia. Tunaomba uje hata mara moja."

"Ah, mwanangu. Miguu yangu na ngazi hawasalimiani."

"Tuna lifti, Bibi."

"Lifti ndiyo naiogopa kabisa. Kisanduku kinakumeza na kwenda nawe juu!"

Nesi akacheka, na Mwenye Duka, aliyejikunja kwenye kiti kama mkongwe, akasikia utamu na aibu kwa pamoja. Alijiapiza kwamba jioni ile ile angemwambia. Jioni ikafika, wakala aiskrimu, Nesi akamsimulia kwa furaha jinsi alivyoongea na Bibi Enzi mwenyewe, "na ana sauti tamu, natamani angekuwa bibi yangu," na yeye akajifanya hamnazo.

Alhamisi iliyofuata Nesi akapiga tena, safari hii bila swali la watoto.

"Bibi, nikuulize jambo lisilo la historia?"

Hapo ndipo alipopaswa kukata simu. Hakukata.

"Uliza, mwanangu."

"Kuna kaka mmoja. Ananichekesha, ananisikiliza. Lakini hasemi habari zake. Naona kama kuna chumba amekifunga na hataki nikione. Nimuache?"

"Usimwache!" ilimtoka kwa nguvu mno. Akakohoa, akairudisha sauti ya kizee. "Nasema, usimwache haraka. Wengine huchelewa kufunguka. Huyo naye ana sura nzuri?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Macho yangu hayaoni, masikio yanataka picha."

"Ana sura nzuri," Nesi alikiri. "Ila asisikie, atavimba kichwa."

Kichwa kilishavimba tayari. Lakini usiku haukumpa usingizi mzuri, na asubuhi alijiona kwenye kioo akajionea haya.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya kazi. Hospitali mpya ya watoto ilikuwa inafunguliwa kwenye mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na Nesi alitakiwa aende kuwa msimamizi wa wodi. Hakumwambia Mwenye Duka. Alimwambia Bibi.

"Ni nafasi niliyoiota tangu chuoni, Bibi. Lakini na huku kuna huyu mtu. Sitaki kumwambia kwanza. Nikimwambia, atasema kaa kwa sababu nimemwambia. Mimi nataka siku moja, yeye mwenyewe, bila kusukumwa, aniambie kwamba hataki niende mbali naye. Akisema, nitajua. Naongea upuuzi, eh?"

"Hapana, mwanangu," ilisema sauti ya Bibi, na kwa mara ya kwanza ilitetemeka yenyewe.

Kesho yake kwenye bustani, Mwenye Duka alikuja na shati jeupe na moyo uliojaa hofu. Alikuwa amekesha akijiambia asifanye, asifanye. Lakini alipomwona Nesi anavuka majani, viatu mkononi, akaogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote.

"Mpenzi," alisema kabla hata hajaketi, "sijui kwa nini leo nawaza hivi. Nisingependa uende popote mbali na mimi. Popote pale."

Viatu vilimdondoka Nesi. Machozi yakamlenga, akamkumbatia shingoni kwa nguvu, pale pale mbele ya wagonjwa wa nje waliokuwa wanaota jua. "Umejuaje?" alinong'ona. "Umejuaje kwamba nilikuwa nalisubiri neno hilo?"

Kijana alifumba macho. Hakuwahi kujisikia mdogo kama alivyojisikia ndani ya kumbatio lile.

Alhamisi ikarudi. Shangazi alikuwa na homa, akamtuma mpwawe sokoni, naye akaibeba simu ya vibonye mfukoni kwa sababu saa ya watoto ilikuwa inakaribia. Sokoni kulikuwa na msongamano wa alasiri: wachuuzi wakiita, mikokoteni ikidai njia, maji ya samaki yakitiririka chini ya meza. Alikuwa ameshika nyanya nne mkono mmoja, kitunguu mkono wa pili, simu ikalia. Akaibana kati ya bega na sikio, akageukia gunia la viazi, akapindisha mgongo. Mgongo ulikuwa unapinda wenyewe sauti ile ikija.

"Hee, haloo, mjukuu wangu."

"Bibi! Shikamoo! Ameniambia, Bibi! Bila hata kumgusia! Amesema hataki niende mbali!"

"Marahaba, marahaba. Si nilikwambia ni kijana wa maana? Bibi yako hakosei. Sasa mwanangu..."

Akasita. Kulikuwa na kasoro kwenye simu. Sauti ya mchuuzi wa vitunguu aliyekuwa anapiga kelele mbele yake ilisikika mara mbili, mara hewani na mara ndani ya sikio.

"Bibi," ilisema sauti ya Nesi simuni, polepole sana. Na nyuma yake, karibu kabisa, sauti ile ile ikamalizia: "Shati lako limetoka nje ya suruali."

Nyanya zilianguka moja moja.

Nesi alisimama kando ya meza ya mboga, kikapu begani, simu bado sikioni. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa anamwangalia kama mtu anayetafuta nyumba yake na kukuta kiwanja kitupu.

"Ni wewe," alisema.

"Nisikilize, nitakueleza. Bibi alikuwa bibi yangu kweli, alifariki, mimi ndiye..."

"Nilikwambia shikamoo. Nilikuuliza kuhusu wewe mwenyewe, ukanishauri! Ukaniuliza kama una sura nzuri!"

Mchuuzi wa viazi aliacha kupima ili asipitwe.

"Nimekosa, mpenzi. Kila siku nilitaka..."

"Hayo yote ningeyacheka. Wallahi ningeyacheka, nikakupiga na kikapu, yakaisha. Lakini lile neno. Kitu kimoja tu nilitaka kitoke kwako. Kimoja. Kumbe nilikukaririsha mwenyewe, ukaja kunisomea."

Akaitia simu kikapuni, akaondoka. Msongamano uliomzuia kila mtu siku ile, yeye ulimpisha.

Hakupokea simu tena. Mwenye Duka alipiga, akaacha, akaandika ujumbe, akaufuta. Alikonda. Shati la bluu lilimning'inia. Kabla ya Mlango, kitabu alichokuwa anakiandika, kilikwama kwenye sentensi moja kama gari kwenye tope. Mwishowe alikwenda kwa Shangazi, akamkuta ofisini amejizungushia marundo ya karatasi, miwani puani, amefanana na mama yake mpaka inatisha.

"Shangazi, sipokei tena ile simu. Nataka tuseme kwamba Bibi amefariki. Najua unaumia. Najua kampuni itayumba. Lakini siwezi tena."

Shangazi akavua miwani. "Mimi naumia?"

"Si wewe uliyesema tuwaache watoto kwanza?"

"Nilisema kwanza! Nilidhani utakuja baada ya arobaini uniambie tutangaze. Ukaanza kupokea simu na sauti ya mama, na mimi nikakaa chumba cha pili nasikia. Nikajiambia, huyu mtoto hajawa tayari, nikimwondolea hii nitamvunja." Akafuta macho kwa kiganja. "Kila Alhamisi nimekaa hapa nalia kwa ajili yako."

"Na mimi nilikuwa naipokea kwa ajili yako!"

Wakatazamana. Kisha Shangazi akaangua kicheko kile cha puani, kile kile, na mpwawe naye akacheka, wakacheka mpaka karani akachungulia kuona kuna nini.

"Haya," alisema Shangazi akijipepea. "Nani amekufungua macho? Maana wewe peke yako usingeweza."

Akamwambia yote, mpaka nyanya. Shangazi akasikiliza, mkono mdomoni.

"Ulimpa ushauri? Kwa sauti ya mama yangu?" Akampiga kofi la bega, tena la kuuma. "Mama angekucharaza! Nenda kawaambie wale watoto wake kwanza. Walikuwa wanamsubiri Bibi. Huyo nesi kama atakusamehe, atakusamehe. Asipokusamehe, watoto wawe wamepata haki yao."

Alikwenda saa ya kutembelea wagonjwa, akiwa na vitabu kwapani. Wodi ilinuka dawa na sabuni. Vitanda vilipangwa pande mbili, miguu ya plasta imechorwa maua na magari. Nesi hakuwepo. Kwenye kitanda cha katikati, mguu umening'inia, Spika akamwona.

"Wewe nani? Umemletea nani?"

"Nimewaletea wote. Mimi ni mjukuu wa Bibi Enzi."

Wodi ikalipuka. Wengine walipiga makofi, wengine wakauliza Bibi yuko wapi, amepanda lifti, amebaki chini? Akasubiri wanyamaze. Akajikaza kisabuni.

"Bibi hakuja. Bibi yangu alifariki."

Magurudumu ya toroli yakasikika kwenye korido.

"Lini?" aliuliza Spika.

"Zamani kidogo. Kabla ya Kabla ya Saa."

Spika akakunja uso akipiga hesabu. "Sasa Kabla ya Saa kaandika nani?"

"Mimi."

"Na Kabla ya Kitanda?"

"Mimi. Na mkipiga simu, aliyekuwa anawajibu ni mimi, naiga sauti yake. Haikuwa sawa. Nilikuwa nimemkumbuka sana, nikaona nikiitoa sauti yake ni kama bado yupo. Nimekuja kuomba msamaha."

Watoto walimkodolea macho. Mvulana mmoja wa kitanda cha dirishani akasema, "Mimi babu yangu alipofariki nilivaa kofia yake mpaka ikatoboka."

"Basi unajua," alisema Mwenye Duka.

"Ila Kabla ya Saa kilikuwa kirefu mno," Spika alitoa hukumu. "Pale kwenye saa za maji nililala."

"Bibi angeniambia hivyo hivyo."

"Alikuwaje? Kweli alivaa kile kilemba?"

Akavuta kiti. Akawasimulia, kwa sauti yake mwenyewe, jinsi bibi alivyokuwa akitafuta miwani iliyo kichwani pake, alivyogombana na kamusi, alivyofundisha darasa huku amembeba mtoto wa mwanafunzi mgongoni ili msichana yule asiache masomo. Watoto walicheka, wakauliza, wakabisha. Mwishowe Spika akasema, "Kwa hiyo na Bibi sasa ni historia. Mwandikie chake. Kabla ya Bibi. Na kiwe kifupi."

Alipoinua macho, Nesi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la bandeji. Haikujulikana alikuwepo tangu lini, ila pua yake ilikuwa nyekundu.

"Njoo nje," alisema.

Ukumbi wa nje ulikuwa na upepo. Mashuka ya hospitali yalikuwa yanapeperuka kwenye kamba. Nesi aliliweka sinia juu ya ukuta mfupi, akakunja mikono.

"Siku zote hizi hukunitafuta kunieleza."

"Nilipiga, hukupokea. Baadaye nikaiogopa hata sauti yangu. Nilijua ukiisikia simuni utamtafuta Bibi ndani yake."

Nesi aliuma mdomo kuzuia tabasamu, halafu akalizuia kweli. "Nilikasirika. Bado nimekasirika. Halafu nikaanza kumkosa Bibi pia, nikakasirika mara mbili, maana hata wa kumshtakia sikuwa naye."

"Ungemshtakia, angekuunga mkono wewe."

"Usinichekeshe. Nasema kitu." Akamsogelea. "Lile neno la bustani ulipewa na mimi, halihesabiki. Nataka neno lako. Ambalo hakuna mtu aliyekunong'oneza. Nisipolisikia leo, nitajua chumba kile hakina kitu."

Mwenye Duka alimtazama. Kila kitu alichotaka kusema kilikuwa ni kubaki, kubaki, kubaki. Akavuta pumzi.

"Nenda."

"Nini?"

"Nenda, mpenzi. Kachukue ile kazi. Umeiota tangu chuoni. Mimi nilikuambia usiende kwa sababu niliogopa, sikuwaza watoto watakaolala kule wanahesabu mabati bila redio. Ukikaa kwa ajili yangu, siku moja utaniangalia na kuona kitu nilichokunyima. Nenda."

Machozi yakamtoka Nesi, akayaacha yatiririke.

"Kwa hiyo unanifukuza?"

"Nakufukuza, halafu nakufuata. Mimi kazi yangu inataka meza na dirisha. Meza ziko kila mji."

"Unanifuata kama nani? Kule nyumba za wauguzi zina masharti, hawapokei wenye maduka."

"Kama mume. Ukinikubali."

Upepo ulilipeperusha shuka likawafunika wote wawili. Walipojitoa, wanacheka na kukohoa, utepe wa Nesi ulikuwa umefunguka na nywele zimemwangukia usoni. Kutoka ndani, kupitia dirisha lililo wazi, Spika akapaza sauti.

"Nesi! Anasemaje? Huku hatusikii!"

"Anasema anataka kunioa!"

"Na wewe unasemaje?"

Nesi alifuta mikono kwenye sare, akaushika mkono wa kijana, akaukaza.

"Nasema nimekubali!"

Wodi ikaanza kugonga vikombe kwenye vyuma vya vitanda, kwanza kimoja, halafu vyote, kelele mpaka Sista Mkuu akatoka ofisini mbio, kofia imeenda upande, kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Sista," alisema Nesi. "Leo mimi na huyu tunaanza."